Kogo Hakuteleza

Kila asubuhi, kabla ya jambo lingine lolote, Cherono alikamua ng'ombe wawili, akachemsha chai ya maziwa na kumpelekea nyanya yake kikombe cha kwanza. Watu wao, huko nyanda za juu karibu na Molo, humwita nyanya Kogo. Huyu alikuwa amepita miaka tisini, na ameipita kwa mingapi hakuna aliyejua, maana waliozaliwa naye wote walikuwa wameshatangulia. Kwa desturi yao mjukuu wa kike hulala katika nyumba ya nyanya yake, na Cherono alikuwa amelala huko tangu alipoachishwa ziwa. Aliweza kukuambia kama Kogo anakohoa kwa baridi au kwa hasira.

Kwa hasira alikohoa mara nyingi. Alikuwa amebakiwa na wana wawili: Bethwel, babake Cherono, na mdogo wake Kipruto. Wote wawili walikuwa wakulima hodari wa viazi na washirika wazuri wa kanisa. Waliomba sala ndefu hadi watoto wakasinzia. Lakini waweke hao wawili karibu na mpaka wa shamba, uone kama kuna Mkristo hapo. Marehemu baba yao aliwagawia ardhi kwa kuwaonyesha kwa kidole, na kidole cha marehemu kila mmoja alikikumbuka kivyake.

Asubuhi moja ya likizo ya Agosti, Cherono, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na miwili, alikuwa mlangoni akimmiminia Kogo chai alipomwona baba mdogo Kipruto akichimbia nguzo mpya za ua. Alikuwa amezichimbia ndani ya viazi vya Bethwel, kwa hatua moja hivi. Hatua moja tu! Watu wazima na ndevu zao nusura wauane kwa sababu ya hatua moja ya udongo.

Bethwel alikuja mbio, akaing'oa nguzo ya kwanza na kuitupa kando. Hakusalimia. Kipruto naye hakuuliza. Alimpiga ngumi ya pua, damu ikaruka hadi kwenye kola ya shati. Wakashikana. Waliangukia matuta, wakaviponda viazi vile vile walivyokuwa wakivigombania, wakang'atana, wakatiana magoti mbavuni. Kipruto alimkaba ndugu yake koo mpaka macho yakamtoka pima. Bethwel alichota udongo kwa mkono mmoja akamjaza nao machoni, akajinasua, kisha akaiokota ile nguzo aliyoing'oa.

"Leo nakuua, Kipruto," alisema. Aliyasema polepole, na hilo lilimtisha Cherono kuliko kama angepiga kelele.

Walimu hutufundisha kwamba wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Siku hiyo hazikuumia nyasi, aliumia mama wa hao fahali. Kogo alitoka nje akijikongoja na fimbo yake, mkononi ameshika leketio. Leketio ni mshipi wa ngozi na shanga ambao mama hujifunga tumboni baada ya kuzaa, na katika familia za Wakalenjin zinazoshika mila, mshipi huo huogopwa kuliko polisi. Mama akiulaza chini kati ya wanawe wanaopigana, lazima waache. Anayeuvuka amejilaani mwenyewe.

Kogo alipita katikati yao, akainama kwa shida, akaulaza mshipi juu ya udongo. Alipokuwa akiinuka, nguzo ilikuwa tayari imeondoka begani mwa Bethwel na haingeweza kurudishwa. Kipruto aliiona akakwepa. Kogo hakuiona. Ilimpata nyuma ya sikio, akaanguka juu ya mawe yaliyorundikwa kando ya shamba, na Cherono akasikia mfupa ukivunjika.

Kwa muda Kogo alilala pale macho yakiwa yamefumba. Cherono alimtikisa, akamwita kwa majina yake yote, asijibu. Wanaume wawili walisimama wakihema, nguzo bado mkononi mwa mmoja wao. Kisha Kogo akafumbua macho, akawatazama wanawe mmoja baada ya mwingine, na neno lake la kwanza likawa amri.

"Nimeteleza," alisema. "Mmesikia? Nimeteleza kwa matope. Hakuna mtu atapeleka mtoto wangu jela, na hakuna mtu ataambia wazee wa ukoo habari ya huu mshipi."

Bethwel alimkamata Cherono kwa kola ya sweta, akamvuta hadi nyuso zao zikakaribiana. Damu ya pua yake ilimdondokea msichana kifuani.

"Umeona nini?"

"Kogo ameteleza, baba."

"Tena?"

"Ameteleza."

Walimpeleka Nakuru kwa pikapu ya jirani, wakiwa wamemlaza juu ya godoro, na kila shimo la barabara lilimtoa Kogo kilio. Katika hospitali kubwa ya mjini alipigwa picha ya eksirei. Nyonga ilikuwa imevunjika. Daktari wa mifupa alieleza kwamba ni lazima apasuliwe na kutiwa chuma haraka, kwa sababu mzee wa umri huo akilala chali wiki baada ya wiki, mapafu hujaa, mgongo hutoka vidonda na damu huganda miguuni. Alisema si mfupa unaowaua wazee, ni kitanda.

Aliuliza mgonjwa aliumiaje. Bethwel akasema ameteleza kwenye matope. Kogo mwenyewe akaitikia kwa kichwa, kitambaa chake cha kichwani kikiwa kimefungwa sawasawa hadi kwenye nyusi. Chini ya kitambaa hapakuwa na jeraha lililopasuka, palikuwa na uvimbe tu ndani ya mvi. Hakuna aliyeutafuta, kwa sababu hakuna aliyeambiwa uko.

Cherono aliruhusiwa kushinda kando ya kitanda. Kiswahili cha Kogo kilikuwa cha kununulia chumvi tu, na Wawira, muuguzi wa wodi ile, hakujua hata neno moja la Kikalenjin. Kwa hivyo msichana akawa mkalimani. Alitafsiri maumivu yako wapi, akatafsiri maji, akatafsiri na matusi pale ambapo hakuweza kuyakwepa.

Alasiri akaja Daktari Nyakio. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kavu, na alikuwa daktari wa usingizi. Wengi hudhani daktari wa aina hiyo hudunga sindano kisha akaenda kunywa chai. Kumbe ndiye anayekaa kichwani pa mgonjwa tangu mwanzo hadi mwisho, akichunga pumzi na mapigo ya moyo. Alivuta kiti akawaeleza Bethwel na Cherono kwamba kuna njia mbili.

Ya kwanza ni nusukaputi, yaani usingizi kamili, ambapo mgonjwa hajui lolote na mashine humsaidia kupumua. Kwa mtu mzee sana, dawa hizo huweza kuiangusha presha na kuuchosha moyo, na akiamka huenda akachanganyikiwa kwa siku kadhaa. Ya pili ni sindano ya mgongoni, ambayo hutia ganzi mwili kuanzia kiunoni kwenda chini huku mgonjwa akiwa macho. Nayo huweza kuiangusha presha, lakini haimwondolei mtu pumzi zake mwenyewe, na kifua cha Kogo kilikuwa kimeharibiwa na moshi wa kuni wa miaka mingi. Daktari hakuwaficha kitu. Alisema kwa umri huo hakuna njia isiyo na hatari, na kazi yake ni kuchagua hatari iliyo ndogo zaidi. Kwa Kogo, aliona sindano ya mgongoni ndiyo afadhali.

Kisha akaanza maswali. Anameza dawa gani? Kuna dawa inayomdhuru? Amewahi kupasuliwa? Bethwel aliyajibu vizuri, kwa heshima.

"Na alipoanguka, aligonga kichwa? Alizimia?"

"Hapana," Bethwel alisema kabla swali halijaisha.

Cherono aliangalia vidole vyake. Kusema aliogopa, na kunyamaza kulimchoma. Basi akafanya kile ambacho watoto werevu hufanya wakibanwa, akauliza swali.

"Daktari, mbona unauliza kichwa na ni mguu umevunjika?"

Daktari Nyakio alimgeukia kama mtu aliyekuwa akingoja siku nyingi aulizwe. "Ubongo umezungukwa na maji, na hayo maji yanashuka mpaka kwa mgongo. Sasa mtu akigongwa, damu inaweza kuvuja ndani ya kichwa pole pole, ianze kufinya ubongo. Mimi nikitoboa huku chini, yale maji yanatoka, na ubongo unasukumwa chini kwa shingo. Mgonjwa anaacha kupumua hapo hapo. Na wazee ndio huvuja damu hivyo kwa urahisi. Ndiyo maana lazima niulize."

Bethwel aliyasikia yote. Alikuwa amesimama pale pale, miguuni pa mama yake. Alilamba midomo, akasema asante daktari, akachukua kalamu na kutia sahihi fomu ya kukubali upasuaji.

Siku iliyofuata, asubuhi ya upasuaji, Kogo alitapika ilhali hakuwa amekula kitu. Alimwita Cherono kwa jina la dada yake mwenyewe aliyekufa zamani, akamuuliza kama mbuzi wamerudi. Baadaye akazama katika usingizi, akawa haamki mpaka afinywe. Wawira alisema wazee wengi huwa hivyo wakiwa na maumivu, tena dawa nazo huwalewesha. Ingekuwa kweli kama Kogo angekuwa ameteleza.

Cherono alimfuata baba yake kwenye veranda. "Baba, tuambie daktari. Kogo anaharibika."

Bethwel alimbana ukutani kwa mkono mmoja, akamsukuma hadi kichwa cha msichana kikagonga saruji. Hakupaza sauti, kwa maana watu walikuwa wakipita. Alimuuliza kwa kunong'ona kama anataka kumwona baba yake na pingu mikononi. Akamuuliza kama anajua wazee humfanya nini mtu aliyempiga mama yake juu ya leketio: nani atakula naye, nani ataoa kwake. Alimwambia kwamba alikuwa amemlenga Kipruto, Mungu ni shahidi, na hapo machozi yakamtoka. Lakini badala ya kumlainisha, machozi yale yalimtia hasira zaidi.

"Ukifungua huo mdomo," alisema, "usiniite baba tena."

Cherono aliomba simu ya Wawira akampigia mama yake, Linah, aliyekuwa amebaki nyumbani na ng'ombe. Linah alisikiliza, akalia, kisha akasema mambo ya boma hubaki kwa boma. Basi mtoto akabaki peke yake na ukweli mzito kuliko gunia la viazi. Alimpenda baba yake, na usidhani hakumpenda. Alijua pia kwamba akinyamaza, Kogo ataingia mlango wa thieta, chumba cha upasuaji, akiwa hai na kutoka akiwa amefunikwa shuka.

Walikuja kumchukua Kogo kwa kitanda cha magurudumu. Cherono alitembea kando akimshika mkono, na mkono ule haukumbana tena kama ulivyozoea. Mlangoni mwa thieta, Daktari Nyakio alikuwa akingoja na nguo zake za kijani. Bethwel alikuwa nyuma yao. Kipruto, ambaye ndiyo kwanza awasili kutoka Molo, alisimama upande wa pili, jicho moja likiwa limevimba hadi kufumba. Cherono alishika chuma cha kitanda kwa mikono miwili, akakaza miguu sakafuni. Kitanda kikasimama.

"Daktari, usimdunge mgongo," alisema. "Kogo hakuteleza. Alipigwa na nguzo hapa, nyuma ya sikio. Na alizimia."

Kofi lilimfikia kabla hajafunga mdomo. Lilimrusha ukutani, akateleza hadi chini, na mdomo wa juu ukapasuka. Alikaa pale kidogo akionja damu. Kisha akainuka, akarudi kukishika kitanda mahali pale pale alipokuwa amekishika.

"Alipigwa," alirudia. "Mimi nilikuwa hapo."

"Huyo mtoto ni muongo," Bethwel alisema.

Daktari alimgeukia Kipruto akamuuliza. Hapo Cherono aliona jambo ambalo lilimchukiza kuliko lile kofi. Huyu baba mdogo, ambaye jana tu alikuwa akimkaba ndugu yake amtoe roho, naye alisema uongo ule ule. "Mathe aliteleza," alisema, akiangalia viatu vyake. Tangu wamzike baba yao ndugu hao hawakuwa wamekubaliana jambo, ila hilo.

Lakini Daktari Nyakio hakuwa akiwasikiliza tena. Alikifungua kitambaa cha Kogo, akapitisha vidole ndani ya mvi polepole, na vidole vikasimama nyuma ya sikio. Akatoa tochi ndogo akammulika macho. Mboni moja ilikuwa kubwa kuliko nyingine.

"Hakuna sindano ya mgongo," alisema. "Mpelekeni skani ya kichwa sasa hivi."

Kipruto aliposikia hivyo, aliruka. "Umeua mama!" alimwambia Bethwel, na ngumi yake ikamwangukia ndugu yake kwenye pua ile ile. Walipigana hapo mlangoni mwa thieta kama walivyopigana shambani. Waliiangusha nguzo ya chuma ya kuning'inizia maji ya dawa, chupa ikapasuka, Bethwel akamburuta Kipruto juu ya vipande vya chupa, na Kipruto akamng'ata mkono hadi akaona mfupa wa kidole. Wagonjwa walipiga mayowe. Walinzi walikuja na rungu, wakawapiga miguuni hadi wakaanguka, wakawalaza kifudifudi. Wakati wana wa Kogo wakipumua vumbi la sakafu, mama yao alikuwa akisukumwa kwenda skani na muuguzi mmoja pamoja na msichana mwenye mdomo uliokuwa ukivuja damu.

Picha ilionyesha damu imejikusanya upande mmoja ndani ya fuvu, imeusukuma ubongo kando. Daktari Nyakio aliwafuata ndugu wale kwenye benchi walikokalishwa kati ya walinzi. Alikuwa na hasira, na hakujaribu kuificha.

"Huyo msichana angengoja kidogo, mimi ningemuua mama yenu kwa mkono wangu, na ningedhani ni uzee," alisema. "Sasa mnisikize. Hiyo damu lazima itolewe leo, kwa kutoboa fuvu. Itabidi alale nusukaputi, ile niliyokuwa naiogopa kwa sababu ya kifua. Anaweza kufa mezani. Tukimwacha, atakufa kitandani. Nyonga itangoja. Mnataka nifanye nini?"

Kipruto aliinamisha kichwa. Bethwel alikohoa damu kwenye kiganja chake, akaitazama.

"Mfanyie," alisema. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo Cherono hakuwahi kuisikia ikitoka kwake, akaongeza, "Ni mimi nilimpiga."

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Kifo kilikuwa kimeshavua viatu kiingie, na aliyekizuia mlangoni alikuwa mtoto. Hata hivyo, hakuna aliyemshukuru siku hiyo. Linah alifika kutoka Molo jioni, akaketi mbali naye, akamwambia amemfunga baba yake. Polisi aliitwa, kwa kuwa jeraha la kupigwa haliwezi kunyamaziwa, na Bethwel akafuatana naye bila kuvutwa, akaandikisha maelezo yake yote. Aliachiliwa baadaye akaambiwa atarudi atakapoitwa. Aliporudi hospitalini alimpita Cherono bila kumwangalia. Cherono aliumia. Mdomo uliopasuka ulianza kupona kabla ya moyo wake.

Kogo hakufa mezani. Daktari Nyakio alimpimia dawa kidogo kidogo, akamchunga hadi damu yote ikatoka na mboni zikalingana. Alipopata nguvu siku chache baadaye, alirudishwa thieta kutiwa chuma cha nyonga. Sindano ya mgongoni ilikuwa bado haifai, kwa hivyo alilazwa tena nusukaputi, safari hii akidungwa na ganzi kwenye kinena ili maumivu yapungue na dawa ya usingizi isihitajiwe nyingi.

Alipoamka, aliamka na vita. Aliing'oa sindano mkononi, damu ikatapakaa kwenye shuka. Alimparura Wawira usoni, akamng'ata kiganja, akapiga mateke kwa mguu mzima huku akipiga kelele kwamba wezi wa ng'ombe wameingia bomani. Nani angedhani mtu wa miaka tisini na zaidi ana nguvu hizo? Wawira alitaka wamfunge mikono kitandani. Daktari Nyakio alikataa. Alisema huku ndiko kuchanganyikiwa alikokuwa amewaonya nako, kwamba kunapita, na kwamba mzee akifungwa hupigana zaidi. Anachohitaji ni mwanga, utulivu na sauti anayoijua.

Cherono akasogea. Ngumi ya kwanza ya Kogo ilimpata kwenye kidonda cha mdomo, kikafumuka. Hakurudi nyuma. Alimwambia kwa Kikalenjin kwamba hapa ni hospitali, kwamba sasa ni asubuhi, kwamba yeye ni Cherono anayelala nyumbani kwake. Akamtajia ng'ombe mmoja mmoja kwa jina na kumwambia wote wako zizini. Kogo akasikiliza. Baada ya muda akalegeza ngumi. Kesho yake vita vilianza tena, na Cherono akaanza tena kutaja ng'ombe, hadi siku ambayo Kogo alimkatiza akasema ng'ombe wa pili si huyo, kwani huyo waliuza zamani.

Siku hiyo, akili ikiwa imemrudia, wote walikuwa wamezunguka kitanda: Bethwel, Kipruto, Linah na Cherono. Daktari Nyakio alitaka kujua kama kumbukumbu yake imerudi. Akamwomba Cherono amuulize aliumiaje.

Kogo aliwatazama wanawe. Akanyoosha shingo yake nyembamba. "Mwambie niliteleza," alisema.

Cherono alifungua mdomo, akashindwa kutafsiri. Wodi ilikuwa imejaa. Alihisi macho ya baba yake juu yake, akangoja kofi.

"Usitafsiri hiyo," Bethwel alisema.

Alipiga magoti kando ya kitanda. Alizungumza Kiswahili, ili daktari aelewe, na wagonjwa wengine pia, wapende wasipende.

"Mama, hukuteleza. Nilikupiga. Na nilikupiga mara mbili. Ya kwanza ilikuwa na nguzo, na sikukulenga wewe. Ya pili ilikuwa na mdomo. Daktari aliniuliza kuhusu kichwa, akanieleza vile sindano inaweza kukuua, na mimi nikasema hapana, nikatia sahihi. Hiyo ya pili, mama, nilikulenga."

Linah alijifunika uso. Kogo, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha chumvi tu, hicho alikielewa chote. Kisha akainua mkono wake uliojaa plasta akampiga kofi la shavu, dhaifu, la mtu mgonjwa, na alipompiga hakuuondoa mkono. Aliuacha pale shavuni.

Bethwel hakuinuka. Alimgeukia Cherono, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya thieta, akamtazama machoni.

"Kesi ya polisi nitaibeba, na ya wazee nitaibeba," alisema. "Lakini nyinyi nyote msikie. Tulidhani kuficha ni heshima ya boma. Daktari anatibu kile ameambiwa, na ukimdanganya, dawa yake ndiyo inageuka kuwa rungu. Mimi ni mtu mzima na sikujua hivyo mpaka huyu mtoto anifundishe. Cherono, mimi ndiye nilikupasua mdomo, na huo mdomo ndio umeniachia mama yangu."